Saa ya Wapi?

Mapendo mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za sabuni, za blanketi, za kutokula chakula cha njiani na za kumsalimia mjomba wako kabla hujaketi. Sitazirudia. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu ilikataa. Wewe umelala, au unajifanya umelala. Mimi niko mezani nina hasira, na nimeona afadhali uisome hasira hii katika mwandiko wangu kuliko uje uisikie midomoni mwa watu.

Usiifungue barua hii mbele yangu. Ifungue ukishavuka mpaka kuingia Uganda. Hapo simu yako itaruka lisaa limoja mbele, yenyewe, bila kukuuliza. Utatazama dirishani, utaona jua lilelile na migomba ileile, na simu itakuambia kwamba muda umepotea. Haujapotea. Umebadilisha mji, basi. Lakini lisaa hilo limevunja mkono wa mtu huku kwetu, na watu wanasema nimeuvunja mimi.

Unakumbuka siku ile sokoni. Mke wa Papa Paluku, dereva wetu wa pikipiki, alikuwa anapima maharage. Alituona, akasimama, akainua kopo juu ili kila mtu atazame.

«Eh! Karani wa saa! Leo iko saa ngapi kwako? Maarage ya asubuhi ao ya magaribi?»

Watu walicheka. Mama wa viazi akaongeza: «Umuache, iko anangojea Kinshasa imuambie kama jua limetoka.» Wakacheka tena. Wewe ulinivuta shati: «Papa, twende.» Na mimi, mwanangu, nilicheka pamoja nao. Nilitoa meno yote. Ukanitazama, na macho yako hayajaniondoka. Njia nzima nilijifanya nahesabu vitunguu.

Nilicheka kwa sababu naogopa. Unanijua. Nilikuzaa nikiwa bado nina daftari za shule kwapani, na leo wageni wanatudhani kaka na dada. Nilisoma vizuri, nikapata kazi ya ofisi mapema kuliko wenzangu wa kijijini Kingi, na tangu siku ile nimeishi kama mtu aliyebeba sinia la mayai kwenye utelezi. Mlango wa ofisi naufunga mara mbili na kurudi kuutazama. Barua ya mistari minne naisoma mara tano kabla ya kuituma. Mkubwa akiita, nimesimama kabla hajamaliza jina langu. Nilidhani huko ndiko kuwa makini. Sasa naona nusu yake ilikuwa woga uliovaa koti la kazi.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nyumbani nilikuambia kipande tu.

Kazi yangu ofisini ni kupanga safari. Timu ya afya inatoka hapa Masisi kwenda Pinga kwa pikipiki na sanduku la baridi lenye chanjo. Mimi nahakikisha muuguzi, dereva, dawa na njia vinakutana kwa wakati mmoja. Zamani tulipanga kwa mdomo na kwa ubao. Kisha Kinshasa, makao makuu yetu, ikatutumia kalenda ya ndani ya simu. Shefu, mkubwa wetu wa ofisi, anaandika safari kwenye simu yake hapa, Kinshasa wanaiona kule, muuguzi anaiona nyumbani kwake, mimi naiona mezani. Tulifurahi. Hakuna aliyetuambia kwamba kalenda hiyo haiweki saa unayoiandika. Ukiandika saa moja, inakuuliza kimyakimya: saa moja ya mji gani? Inatazama jina la mji lililo ndani ya simu yako, inageuza saa yako kuwa saa yake moja inayofanana kwa dunia nzima, halafu inamgeuzia tena kila mtu kwa mji wake. Ni mashini nzuri. Kosa lake moja ni kwamba inaamini jina la mji.

Na nchi yetu ina saa za aina mbili. Hilo ulilisoma shuleni ukalisahau, kama sisi wote. Kinshasa iko nyuma yetu kwa lisaa limoja. Lakini ukifungua simu mpya na kusema uko Kongo, jina la kwanza linalokuja ni Kinshasa. Ili upate saa ya kwetu lazima uteremke kwenye orodha utafute Lubumbashi. Masisi haimo. Goma haimo. Ili simu yangu iseme kweli, inanibidi niidanganye kwamba niko Lubumbashi, mji ambao sijawahi kukanyaga. Nani anayeyajua hayo? Muuzaji wa simu hayajui. Anaiwasha simu, anaona iko nyuma lisaa limoja, anazima ile sehemu ya kujirekebisha, anaisukuma saa mbele kwa kidole, anakupa. «Njo hii, Papa, saa iko muzuri.» Unaondoka umeridhika. Saa unayoiona ni ya kweli, na mji ulio ndani bado ni Kinshasa.

Sote tumefanya hivyo. Simu ya bibi yako kule Kingi niliisukuma mimi mwenyewe, na nikaongeza dakika kumi ili asichelewe misa. Kwa bibi yako haina madhara. Hampangii mtu safari.

Simu ya shefu wetu ilisukumwa vilevile.

Kwa miezi mingi shefu aliandika mikutano, na sisi tulifika lisaa limoja baadaye. Yeye aliandika saa mbili, sisi tuliona saa tatu. Kila mara tulimkuta amekunja mikono mbele ya mlango. «Watu ya hapa hamuheshimie masaa! Munapenda munilipie usingizi yangu?» Nasi tuliinamisha vichwa. Mtu mzima kama Mama Vumilia, muuguzi aliyezalisha nusu ya watoto wa kilima chake, aliinamisha kichwa na kusema: «Utusamehe, Shefu.» Tuliomba msamaha kwa kufika kwa saa tuliyopewa. Hakuna aliyesema: ngojeni, tuweke simu zetu pamoja mezani. Tulidhani huenda kweli sisi ni watu wa kuchelewa. Tumeambiwa hivyo muda mrefu mno, hata tukiwa tumewahi tunajitetea kama waliochelewa. Ndilo jambo linalonichoma kuliko yote, hata kuliko soko.

Mwishowe tuliacha kuiamini kalenda. Jioni tulikuwa tukimuuliza kwa mdomo: «Shefu, kesho ni saa ngapi?» Anajibu, tunafika, maisha yanaendelea. Mdomo ulikuwa unaifunika mashini.

Kisha ikaja safari ile ya Pinga. Njiani kuna bariyeri, kizuizi cha watu wenye silaha, unaijua sifa yake. Kulikuwa na maelewano nao: pikipiki za afya zinapita asubuhi, kabla walinzi hawajabadilishana. Walinzi wa asubuhi wanatujua. Wanaofuata hawajui maelewano yoyote, au hawataki kujua. Timu ikiondoka hapa saa moja inapita vizuri. Ikiondoka saa mbili, inawakuta wale wengine.

Siku iliyotangulia, shefu alikuwa Goma. Aliiandika safari kwenye simu yake: saa moja. Kwangu ikaonekana saa mbili. Nikaitazama mara mbili. Nilijua habari ya bariyeri. Nikampigia.

«Shefu, safari ya Pinga, ni saa moja ao saa mbili?»

«Karani, iko mu kalenda. Hauna macho?»

«Mu kalenda naona...»

«Fwata kalenda! Kila siku maulizo, maulizo. Rezo iko mubaya hapa.» Akalaumu mtandao, akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Ningeweza kupiga tena. Ningeweza kumwambia Mama Vumilia: ondokeni saa moja, nikiwa nimekosea mtangoja kidogo upande wa pili. Badala yake nilijiambia kwamba labda maelewano yamebadilika, kwamba shefu aliye Goma anajua mambo nisiyoyajua, kwamba imeandikwa. Niliuliza mara moja, kwa sauti ndogo, nikajibiwa kwa sauti kubwa, nikanyamaza. Sikuhifadhi siri yoyote, Mapendo. Hii nimemwambia kila aliyetaka kusikia. Nakuandikia kwa sababu wewe pia una sauti ndogo. Umeichukua kwangu.

Waliondoka saa mbili. Papa Paluku alikuwa anacheka wakati anafunga sanduku nyuma ya pikipiki. Unamjua alivyo, Mnande wa Butembo, hapiti bila kumchokoza mtu. «Karani, leo umetuacha tulale! Ulipata mutoto mwengine ao?» Nikamwambia ni kalenda. Akapiga tumbo lake: «Miye kalenda yangu njo hii. Inasema saa ya chai imeisha zamani.» Akawasha pikipiki, Mama Vumilia akapanda, wakateremka. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akishika pikipiki kwa mikono miwili.

Nisikueleze bariyeri. Walinzi walikuwa wale wengine. Papa Paluku alijaribu kuwachekesha. Mmoja wao hakupenda. Pikipiki ilibaki kwao. Sanduku lilikaa juani mpaka barafu ikawa maji ya moto. Akina mama wa Pinga walioteremka vilimani na watoto mgongoni walingoja hadi jioni, wakarudi. Mama Vumilia alimfunga Papa Paluku mkono kwa vipande vya mti na kitenge chake mwenyewe, wakarudi kwa miguu. Mfupa uliunga vibaya. Leo anakaa kwenye kibanda cha mke wake akichaji simu za watu. Nilikwenda kumwona.

«Kaa, Karani,» aliniambia. «Usiogope, mukono yenye inapiga ilivunjika.»

Sikujua nicheke au nilie. Akanisogezea kigoda kwa mguu.

«Ulinituma na saa ya Kinshasa,» akasema, «lakini mukono ilikuwa ya hapa.»



Jinsi nilivyogundua ni jambo dogo. Baada ya siku chache shefu alinipa simu yake nimtumie picha za sanduku lililoharibika, maana rezo ya meza yangu ni afadhali. Niliiweka kando ya yangu. Saa zilizo juu ya kioo zilikuwa sawasawa, dakika kwa dakika. Nikafungua kalenda zote mbili, siku ileile, safari ileile: kwake saa moja, kwangu saa mbili. Nikaingia mahali pa kurekebisha saa katika simu yake. Kinshasa.

Nilidhani angeshukuru. Unaona bado nilivyokuwa mtoto.

«Shefu, simu yenu inasema muko Kinshasa.»

«Niko Kinshasa namuna gani? Haunione hapa?»

«Mutu mwenye aliwauzishia alisukuma saa ku kidole, hakubadirisha muji. Kwa hiyo kalenda...»

«Saa yangu inasema kweli ao inadanganya?»

«Inasema kweli, Shefu, lakini...»

«Kama inasema kweli, lakini ya nini? Saa ni saa, Karani!»

Saa ni saa. Nimeyasikia maneno hayo usingizini. Alichukua simu yake, akaifuta kwenye suruali kana kwamba nimeichafua, akatoka. Alikuwa ameelewa. Uso wake ulielewa kabla ya mdomo wake. Na juma lililofuata likaja karatasi kutoka kwake, safi, imepigwa chapa: karani alikosea saa ya kuondoka kwa uzembe wake. Mahali pa jina langu palikuwa tupu, pananingoja. Nikisaini, nabaki kazini na onyo. Nisiposaini, Kinshasa itaamua kwenye kikao, na shefu amenieleza mapema jinsi Kinshasa inavyoamua. «Saini, mambo iishe,» anasema. «Ni lisaa limoja tu. Nani atakuuwa juu ya lisaa limoja?»

Lisaa limoja tu! Nimekaa na kauli hiyo wiki nzima. Wanaoisema ni watu ambao saa zao hazijawahi kuulizwa. Hata wale wakubwa wetu walioko Ulaya, mara mbili kwa mwaka nchi yao nzima inasukuma saa, na kikao chetu cha kila juma, kwa kuwa kimefungwa kwenye mji wao, kinahama lisaa limoja bila mtu kutuambia. Tunaingia, tunakuta wamemaliza, na wameandika kwamba watu wa Masisi hawakuonekana. Wao ndio waliosogea, na sisi ndio tulioitwa wachelewaji. Kinshasa wanapotuma «saa mbili», ni saa mbili ya dunia yote. Sisi tukisema saa mbili tunaulizwa kama ni asubuhi ya jogoo au ya karatasi. Wakati mwingine natamani kuvunja simu zote kwa jiwe na kurudia ile rimu ya gari iliyotundikwa kanisani Kingi nilipokuwa mdogo. Katekista aliigonga kwa chuma, na saa ikawa ni ile iliyosikika. Aliyeko bondeni aliisikia, aliyeko juu ya kilima aliisikia, hakuna aliyeulizwa mji wake.

Lakini ningekudanganya. Rimu ile haikusikika Pinga. Ukitaka kupatana na mtu aliye mbali kuliko mlio wa chuma, lazima uwe na kalenda, na lazima ujue inafikiri nini. Kwa hiyo sikiliza yale niliyojifunza kwa mkono wa mwingine.

Wewe unakwenda shule Kampala, mahali palipo mbele yetu kwa lisaa limoja, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa jingine. Nitakuwa katikati. Mtu akikuambia saa, muulize: ya wapi? Ukimwandikia mtu saa, andika na mji kando yake, hata akikucheka. Mwalimu wako Mganda akikutumia kikao, usikihamishe kwa kichwa, weka simu yako kwenye mji wa kweli uiache igeuze yenyewe. Usiisukume saa kwa kidole kamwe. Kusukuma kunakupa sura ya kweli na moyo wa uongo, na wa kwanza kudanganyika ni yule anayekuamini.

Na si kila kitu kina saa ya aina moja. Hilo nililielewa juzi tu nilipokuwa naandika siku yako ya kuzaliwa kwenye simu yangu. Nilitaka kuiandika kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane, nikaona kwamba kwako ingeanza siku yako ikiwa imekwisha kupita lisaa limoja, na Kinshasa ingeanza siku nyingine kabisa. Nikaifuta nikaiandika kama siku tupu, bila saa. Siku inakufuata popote ulipo. Dawa yako ya asubuhi nayo inakufuata: asubuhi ya Kampala ni asubuhi. Lakini ahadi ya watu wawili imefungwa kwenye kamba moja inayovutwa pande zote mbili. Mmoja akiisogeza kimya, mwenzake anaanguka. Ukiweza kutenganisha hayo, yanayokwenda na wewe na yale yaliyofungwa kwa mwingine, utaniacha mbali sana.

Jambo la pili nalisema mara moja, maana halinifai mimi kulisema. Ukiuliza kwa sauti ndogo ukajibiwa kwa sauti kubwa, hujajibiwa. Uliza tena.

Sasa ya kesho.

Kikao cha Kinshasa kuhusu karatasi ile kimewekwa kesho, saa mbili. Kimeandikwa na Kinshasa wenyewe, kwa simu iliyoko Kinshasa. Kwangu kinaonekana saa tatu, na ndivyo ilivyo: saa mbili yao ni saa tatu yetu. Kwenye simu ya shefu kinaonekana saa mbili. Siku zote mimi ndiye ninayefungua vikao kwenye kompyuta na kumwita akute nyuso za watu tayari. Ndiyo sababu hajawahi kuona tofauti. Kesho amenikataza, kwa kuwa mimi ni mshtakiwa. Atafungua mwenyewe, kwa simu yake.

Leo jioni nilimfuata mlangoni. Nilikuwa na haki ya kunyamaza, na hasira yangu ilinitaka ninyamaze, nimwache ajikwae. Lakini kunyamaza kwangu kumekwisha kuvunja mkono mmoja.

«Shefu, reunion ya kesho iko saa tatu ya kwetu. Si saa mbili.»

Alikuwa anafunga mkoba. Hakuinua kichwa.

«Ni weye tena utanifundisha saa? Saa mbili uwe hapa. Ukichelewa, nitaandika na hiyo pia.»

«Nitafika mbele ya saa tatu, Shefu. Saa mbili namusindikiza mutoto wangu.»

Hapo aliinua kichwa. Nadhani hajawahi kunisikia nikimaliza sentensi. 

«Saa mbili,» alisema.

«Ya wapi, Shefu?»

Alibana mkoba kwapani, akapita. Niliondoka, na nusu ya njia nilikuwa natembea bila kuona barabara. Mama yako alipouliza mbona nimechelewa, nilisema mvua. Haikunyesha.

Jeep yako inaondoka saa mbili. Kwa hiyo kesho, wakati wewe unapanda, shefu atakuwa ameketi mbele ya simu yake, koti limefungwa vifungo vyote, karatasi yangu mbele yake, na hakuna mtu upande wa pili. Ataona uso wake mwenyewe tu. Mama Vumilia, aliyeitwa kama shahidi, nimemwambia ni saa tatu, na safari hii ameniamini. Shefu atangoja. Atakasirika. Atanipigia, na simu itanililia mfukoni nikiwa nimeshika begi lako lenye kamba.

Unajua jinsi ninavyopokea simu za ofisi. Sijawahi kuiacha ilie mara ya pili. Nimeiacha sahani yangu, nimeacha kukubeba ulipokuwa na homa, nimetoka kanisani wakati wa kipaimara chako. Kila mara ulinitazama.

Kesho nataka kuiacha ilie. Utakuwa umekwisha kuiona utakaposoma haya, kwa hiyo unajua kuliko mimi ninayeandika. Kama niliiacha, ujue kwamba niliisikia, nilijua ni nani, na nilikuwa nimeamua tangu leo. Na kama uliniona ninatia mkono mfukoni, nasema «Ndiyo, Shefu» na kukupungia kwa mkono mmoja, basi uichane barua hii. Mambo ya saa yaliyomo ni ya kweli, yashike; mtu aliyeyaandika usimwige.

Jeep ikishapinda nitatembea kwenda ofisini. Nitafika kabla ya saa tatu, watu wa Kinshasa watafungua kwa saa yao, watamkuta shefu amengoja lisaa zima, na watamuuliza kwa nini. Sitahitaji kusema mengi. Nitaomba simu zetu mbili ziwekwe mezani, kando kwa kando, kama tulivyopaswa kufanya tangu siku ya kwanza Mama Vumilia alipoomba msamaha bure. Sitasaini. Baada ya hapo sijui. Inawezekana nikawaonyesha kweli na bado wakanifukuza. Watu hawapendi kuonyeshwa makosa yao. Naogopa sana, Mapendo. Naogopa kwa ajili ya mama yako na wadogo zako, na naogopa soko. Lakini Papa Paluku anachaji simu kwa mkono mmoja, na nimechoka kucheka na wanaonicheka.

Ukifika, nipigie. Usijali kama ni mapema au usiku. Na uniambie kwanza ni saa ngapi, kisha uniambie ni ya wapi.

Papa yako, aliye lisaa limoja nyuma yako.